Mafunzo Niliyopata Njia ya Machame

Nilipanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini. Cheti nilichopewa nilipotoka kwenye geti la Mweka kinasema mimi ndiye niliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Yaliyonifikisha ni haya.

1. Kuna watu wanaokutangulia usiwaone. Wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, walikunja kambi sisi tukishaondoka, wakatupita njiani na mizigo kichwani, na tulipofika kambi ya Shira mahema yalikuwa yamesimama na chai inachemka.

2. Ulizia maji yametoka wapi. Kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,673, haina maji. Yote tuliyokunywa na kupikia pale yalibebwa kutoka bonde la Karanga, kwa saa kadhaa za kupanda mawe. Usiku wa kwenda kileleni kila mmoja wetu alijaziwa chupa zake, na bila maji hayo nisingefika hata Stella Point, kabla ya kilele. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasifiwa kwa mafanikio yake, hujiuliza ni nani aliyemtekea maji.

3. Timu nzuri humwandalia mapema atakayeshindwa kuendelea. Juu ya Barafu dada mmoja katika kundi letu alianza kutapika na kuyumba. Mwongozaji msaidizi alimshika mkono, wakateremka papo hapo, maana dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Hakuna aliyebishana. Kwa kuwa waongozaji walikuwa zaidi ya mmoja, yeye akapona na sisi tukaendelea. Kwangu huo ndio ushindi mkubwa wa safari yetu, kuliko kilele chenyewe.

4. Historia hufupisha majina. Mpanda mlima Hans Meyer alijaribu kufika kileleni mwaka 1887 akarudi. Mwaka 1889 alifika yeye na Ludwig Purtscheller, safari hii akiwa amepanga kambi mlimani na wapagazi wa kupandisha chakula kutoka Marangu. Vitabu vingi huwataja hao wawili tu.

Basi, ndugu msomaji, ukipanga kupanda, kabla hujalipa iulize kampuni: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanalala kwenye hema gani, wanakula mara ngapi? Usipojibiwa wazi, tafuta kampuni nyingine. Na bakshishi yao wape wenyewe, mkononi.