Kurekodi Televisheni kwa Kompyuta ya Nyumbani: Nunua kwa Hatua, Pima Kila Hatua

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watumiaji wengi wamezoea king'amuzi. Wasichokifahamu wengi ni kwamba kompyuta ya kawaida, ikiongezewa kipokezi kidogo na programu isiyolipiwa, inaweza kurekodi kipindi mwenye nyumba akiwa kazini na kukionyesha baadaye kwa rimoti.

Mtambo huu hauuzwi ukiwa kamili. Mtumiaji huuunda mwenyewe kwa vifaa vya wauzaji mbalimbali, na kila muuzaji huwajibika kwa kifaa chake tu. Anayenunua vyote kwa siku moja, kisha mtambo ukagoma, hujikuta hajui arudi duka lipi. Kwa hiyo, somo hili linamshauri mtumiaji asinunue kifaa kinachofuata kabla ya kuthibitisha kwamba kilichotangulia kinafanya kazi.

Hatua ya 1: Kipokezi

Matangazo ya dijitali yanayopokelewa kwa antena ya kawaida hapa nchini hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Kipokezi kilichoandikwa DVB-T pekee, bila tarakimu 2, hakiwezi kuyapokea hata kikiunganishwa na antena bora. Vipokezi vya aina zote mbili hufanana na flashi, na cha DVB-T huweza kumvutia mnunuzi kwa bei yake ndogo. Soma maandishi ya kwenye boksi na ya kwenye kifaa chenyewe, kisha mwombe muuzaji akuonyeshe chaneli ikionekana kabla hujalipa.

Fahamu pia kwamba kipokezi hiki hakifungui chaneli za kulipia. Iwapo kipindi unachokitaka kimo ndani ya kifurushi, usiendelee na ujenzi huu. Muulize mtoa huduma wako kama king'amuzi chake kinaweza kurekodi kwenye flashi.

Hatua ya 2: Programu na saa

Tvheadend hupokea matangazo, hupanga ratiba na kurekodi. Kodi huonyesha orodha ya vipindi kwenye skrini. Zote mbili hutolewa bure na watayarishaji wake, hivyo usimlipe mtu anayedai kukuuzia leseni yake. Kwa asiye mzoefu, njia nyepesi ni kuweka LibreELEC katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Mfumo huo huja na Kodi, na Tvheadend huongezwa kama nyongeza.

Kabla ya kurekodi, hakikisha kompyuta imewekwa katika majira ya Dar es Salaam. Ukipanga ratiba kwa mkono, kumbuka kwamba kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku huandikwa 20:00. Ukiandika 02:00, utarekodi cha saa 8:00 usiku. Ongeza dakika 5 kabla ya kipindi na 15 baada yake, kwa kuwa ratiba za vituo husogea.

Hatua ya 3: Mahali pa kuhifadhi

Chaneli inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 1.35 kwa saa. Ya megabiti 8 hujaza 3.6. Mechi ya saa mbili katika kiwango cha pili huhitaji zaidi ya gigabaiti 7. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tele. Mechi hiyo inaweza kukatika mapema katika kipindi cha pili. Tumia diski iliyoandaliwa kwa ext4 au exFAT.

Hatua ya 4: Rimoti

Jaribu kwanza rimoti ya televisheni uliyonayo. Televisheni nyingi huweza kupeleka amri za rimoti kupitia waya wa HDMI, na Raspberry Pi huzipokea. Uwezo huo huitwa CEC. Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink na Sony huuita Bravia Sync. Uwashe katika mipangilio ya televisheni. Kompyuta nyingi za mezani hazina uwezo huu, hivyo huhitaji kipokezi cha infraredi cha USB pamoja na rimoti yake.

Rimoti ya infraredi ikikataa, usikimbilie kununua nyingine. Pima kwa mpangilio huu:

1. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Mwanga mweupe au wa zambarau ukionekana, rimoti inatuma. Usipoonekana, jaribu kamera ya mbele, kisha badilisha betri.

2. Kwenye kompyuta yenye Linux, andika amri ir-keytable -t na ubonyeze vitufe. Namba zikitokea, kipokezi kinasikia.

3. Namba zikitokea lakini Kodi isitii, vifaa vyote viwili ni vizima. Kinachokosekana ni jedwali linaloiambia programu namba ipi ni kitufe kipi, na hilo hurekebishwa bila gharama.

Gharama ya umeme

Mtambo lazima uwe umewashwa wakati wa kurekodi. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 80 saa zote hula takriban yuniti 58 kwa mwezi wa siku 30. Kompyuta ndogo ya wati 6 hula yuniti zipatazo 4. Kwa nyumba iliyo katika kundi la watumiaji wadogo, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kuihamishia nyumba kwenye bei ya juu. Piga hesabu hii kabla ya kufufua kompyuta ya zamani kwa sababu tu haikugharimu kitu.

Haki na wajibu

Rekodi za nyumbani ni za kutazamwa nyumbani. Kuzionyesha ukumbini kwa kiingilio, kuziuza kwenye flashi au kuziweka mtandaoni kunahitaji ridhaa ya mwenye hakimiliki.

Dai risiti ya kila kifaa, na hakikisha imeandikwa jina kamili la kifaa, kwa mfano "kipokezi cha DVB-T2" badala ya "kifaa cha TV". Maneno hayo ndiyo yatakayokusaidia ukirudisha kisichopokea matangazo. Iwapo kipokezi ni kizima lakini picha inakatika, kagua antena na waya kwanza. Tatizo likibaki, mwandikie mtoa huduma ukitaja chaneli, eneo, tarehe na saa, na utunze nakala. Usiporidhika na majibu yake, wasilisha lalamiko lako pamoja na nakala hiyo kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano.