Mchuuzi Aliyeingia Nyumbani Bila Kubisha



Wengi wenu hapa Machakos mnatoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Mmoja anapanda matatu ya Nairobi, safari ya kilomita zaidi ya 60. Mwingine anafungua kibanda chake sokoni. Jioni mnarudi mkiwa mmechoka. Chakula hakijaiva, mtoto analia, simu iko karibu. Mnampa anyamaze. Hatuwalaumu, lakini ni vizuri mjue mnamwachia nani mtoto wenu.

Mchuuzi asiyejulikana akibisha mlangoni, yaya hatamruhusu kukaa na mtoto saa tatu nzima. Hata hivyo, kwa njia ya simu na runinga ameshaingia. Michezo mingi ya simu inayoitwa ya bure hulipiwa na wenye bidhaa ili matangazo yao yaonekane. Video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, kwa maana mtoto akizidi kutazama, matangazo nayo yanazidi. Hata ile video ya mtoto anayefungua vichezeo vipya, mara nyingi mwenye vichezeo ameilipia. Mtoto wa miaka mitano bado hajui kwamba anauziwa. Huamini yote.

Kisha yeye mwenyewe anakuwa mchuuzi wa nyumba: "Mama, nataka ile!" Mama anakataa. Baba, kwa kuwa hakuonekana wiki nzima, ananunua ili apendwe. Hapo mume na mke wanagombana, na karo bado haijalipwa.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliwaonya wazazi wasikwepe wajibu wa kulea kwa kuiachia runinga muda wa watoto. Siku hizi runinga inatoshea mfukoni. Basi tufanyeje?

1. Muwe na neno moja. Zungumzeni wawili, watoto wakiwa wamelala. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mkishapatana, mwelezeni yaya au nyanya anayebaki na mtoto. Mmoja akisema hapana, mwenzake asiseme ndiyo kwa siri.

2. Wekeni mahali na wakati. Runinga ikae sebuleni. Usiku simu isilale na mtoto. Wakati wa chakula na sala, simu zote ziwekwe kabatini, zenu pia.

3. Fungeni mlango wa pesa. Mtoto asijue nambari yenu ya siri ya M-Pesa. Akicheza mchezo usiohitaji intaneti, izimeni. Matangazo mengi yatakosa njia. Kwa vijana, semeni wazi kwamba sheria ya Kenya inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, hata tangazo likimwita kwa sauti tamu.

4. Mfundisheni kuuliza. Jumamosi mpelekeni sokoni amsikie muuza maembe akiyasifu maembe yake. Mwambieni: "Simu nayo hufanya hivyo, ila hatumwoni anayeuza." Mkitazama pamoja, muulizeni: "Huyu anatuuzia nini? Nani amemlipa?"

5. Mpeni nafasi karibu nanyi. Achague ndengu huku mkipika na kumuuliza habari za shule. Kazi itachelewa kidogo, lakini mara nyingi mtoto alikuwa anawatafuta ninyi, wala si simu.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimngoja mtoto akue atoke nje. Leo unamfuata kitandani, na una kitu cha kumuuzia. Baba na mama wakisimama pamoja, mchuuzi huyo atapungukiwa na nguvu.

Maswali ya kuzungumza wawili

- Kitu cha mwisho tulichomnunulia mtoto, nani alikitaka kwanza, na alikiona wapi?
- Ni saa gani ya siku tunampa simu kwa sababu ya uchovu wetu? Nani kati yetu anaweza kuishika saa hiyo?
- Mtoto akituangalia sisi na simu zetu, anajifunza nini?