MKONO NAO HUCHOKA: SOMO KWA WAPIGA CHAPA

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Hapa kwetu Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, haupiti mtaa bila kukuta saiba. Humo hupigwa chapa barua za kazi, ratiba za mazishi na hata insha zetu. Sisi twaona karatasi safi tu. Mkono ulioipiga hatuuoni. Katika makala haya nitaeleza kwa nini mkono huo huuma na jinsi ya kuukinga.

Si maradhi mapya
Mnamo 1713 daktari Mwitaliani, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani waliotumia kalamu za manyoya. Alitaja mambo matatu yaliyowaumiza: kukaa kutwa nzima, kurudia mwendo ule ule wa mkono, na kukaza akili wasikosee. Kompyuta haikuwapo, lakini mambo yenyewe ndiyo haya haya yetu.

Mkono hufanyaje kazi?
Fanya jaribio hili. Shika mkono wako wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole. Unasikia nyama zinavyotembea? Misuli mingi inayovuta vidole haikai kwenye kiganja, iko huko juu. Huvuta kwa kano, mfano wa kamba. Kano 9 hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Ukikunja kifundo kwa muda mrefu, njia hiyo hubana. Neva ikibanwa, kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete hufa ganzi, hasa usiku. Kidole cha mwisho hakimo, kwa kuwa kina neva yake nyingine.

Kiswahili na kidole cha mwisho
Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili wasikilize vizuri! Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulibuniwa Marekani miaka ya 1870 na Christopher Latham Sholes. Yeye aliwaza Kiingereza, sio lugha yetu. Nilichukua sentensi hii: "Wanafunzi wanaandika barua kwa mwalimu." Ina herufi 34, na kati yake 10 ni A. Nikaiandika kwa Kiingereza, A zikawa 3 tu. Sasa tazama A iko wapi: chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidogo na dhaifu kuliko vyote! Basi apigaye kurasa nyingi za Kiswahili kwa vidole vyote kumi anakitwika kidole hicho mzigo ambao Sholes hakuufikiria.

Si uvivu
Dada yangu ni mpiga chapa katika saiba moja huko Umoja, na hulipwa kwa kurasa. Mwaka jana alianza kuamka usiku akikung'uta mkono. Jirani mmoja akasema ni uvivu, mwingine akasema amefanyiwa kitu. Daktari alimweleza ni neva iliyobanwa. Dada aliogopa kupumzika kwa sababu dakika ya kupumzika haina malipo, na karo yangu hutoka kwenye mkono huo huo. Lakini alikubali, kwani mkono ukikataa kazi kabisa, hakuna ukurasa wala karo.

Haya ndiyo anayoyafuata:
1. Kifundo kiwe sawa na mkono, kisipinde juu wala chini.
2. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikiwa kimo kimoja na kibodi. Kiti kikiwa kifupi, weka mto au gazeti lililokunjwa. Miguu isipofika chini, tafuta kibao.
3. Gusa herufi polepole. Kibodi si ngoma.
4. Kila nusu saa acha kazi dakika chache, simama, nyoosha vidole.
5. Usitoke kwenye kibodi ukarukia simu. Hiyo si mapumziko, ni kuhamishia kazi kwenye kidole gumba.
6. Ganzi ikizidi, au ukianza kuangusha vikombe, nenda hospitali. Usinunue tu dawa ya maumivu dukani, kwani hata kisukari na ujauzito huweza kuleta ganzi hiyo.

Tena mjue kwamba Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inamtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi na mfanyakazi. Kwa hivyo kuomba kiti kinachofaa si kiburi.

Nasi wanafunzi tuanze mapema. Katika chumba cha kompyuta tusigombanie mashine tu, tugombanie pia kukaa vizuri. Na ukipeleka kazi saiba saa kumi na moja jioni, usimwambie mpiga chapa, "Maliza saa hii!" Mpe nafasi akunjue vidole. Haraka haraka haina baraka.