Kununua Datsun 240Z Iliyooza: Bodi Kwanza, Injini Baadaye

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Pamoja na ushujaa wote huo, bati lake huliwa na kutu upesi. Ukitaka kununua gari bovu ulifufue, shika jambo moja: injini mbovu huchomolewa na kuwekwa nyingine, lakini bodi iliyooza itakula miezi yako na akiba yako.

Beba tochi, bisibisi, sumaku iliyofungwa kitambaa, spana, jeki na stendi.

1. Soma namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Gari la usukani wa kulia huanza na HS30, la kushoto HLS30. Ilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, ondoka, hata bei iwe ya kutupa.

2. Tazama chini ya betri. Tindikali inayovuja hula kwanza trei, kisha bati la pembeni, kisha mhimili ulio chini yake. Kutu ya juu juu husuguliwa ikaisha. Bati linalotoboka kwa bisibisi ni la kukatwa.

3. Kagua chini. Gari hili halina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Liinue, liweke juu ya stendi, na usiingie chini likiwa limeshikiliwa na jeki tu. Gonga mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Bati zima hulia. Lililooza hutoa mlio mfu na kumwaga unga mwekundu. Kisha inua kapeti, uikague sakafu kwa juu.

4. Pitisha sumaku. Ipitishe kwenye vizingiti vya milango, mbele ya magurudumu ya nyuma, na kuzunguka mlango wa buti. Isiponasa, hapo pamejazwa puti, na rangi nzuri inaficha tundu.

5. Jaribu milango. Fungua na ufunge kila mlango gari likiwa chini, kisha likiwa juu ya stendi. Mlango unaokwama gari likiinuliwa unakuambia kwamba bodi imelegea katikati.

6. Zungusha injini. Injini ya 240Z, iitwayo L24, ina silinda sita na ujazo wa cc 2,393. Toa plagi, kisha zungusha injini polepole kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Ikigoma, dai bei ipungue. L26 na L28 zilizofuata ni za ukoo huohuo, kwa hiyo zinaweza kuchukua nafasi yake.

7. Piga hesabu kabla ya kulipa. Mwonyeshe fundi wa kuchomelea picha zako, akupe makadirio. Ongeza rangi, breki, nyaya na raba. Orodhesha pia taa, nembo na vishikio vilivyopotea, maana vitu vidogo hivyo husumbua kupatikana.

8. Funga kabla ya kukata. Gari likifika gereji, piga picha kila kitu na uweke boliti kwenye mifuko yenye majina. Usikate kizingiti kabla ya kuchomelea vyuma vya muda kukingama uwazi wa mlango, na maliza upande mmoja ndipo uanze wa pili. Bodi ikihama hata kidogo wakati wa kuchomelea, rangi haitairudisha, na mlango utakusuta kila ukiufunga.