CHANJO YA RUBELA NA MARADHI YA KISUKARI

Wazazi walio wengi huijua chanjo ya surua na rubela kuwa ni kinga ya homa na vipele. Wachache wanafahamu kuwa chanjo hiyo huziba pia njia mojawapo ya kupatia kisukari.

Kwa mtoto anayetembea, rubela ni maradhi mepesi, nayo hupoa baada ya siku chache. Hatari yake kubwa ni kwa mja mzito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, kwani virusi humfikia mtoto aliye tumboni. Mwaka 1941 tabibu wa macho wa Australia, Norman Gregg, alieleza kuwa watoto kadhaa waliozaliwa na ukungu katika mboni za macho walikuwa na mama waliougua rubela wakati wa mimba. Ilibainika kuwa moyo na masikio navyo huathirika. Watoto hao walifuatiliwa hadi utuuzimani, na taarifa iliyotolewa mwaka 1978 ilionesha kuwa kiasi cha mmoja kati ya kila watano waliochunguzwa alikuwa na kisukari, cha dhahiri au kilichojificha. Virusi hivyo hukutwa hata katika kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini.

Ni kweli kwamba kisukari kilicho kingi hakitokani na rubela, na aliyechanjwa aweza kukipata kwa sababu nyingine. Lakini wapo wanaodai kuwa chanjo yenyewe ndiyo inayoleta kisukari, na dai hilo halina msingi. Nchini Denmark, watoto wote waliozaliwa kati ya mwaka 1990 na 2000, zaidi ya laki saba, walitazamwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, na haukuonekana uhusiano wowote baina ya chanjo za utotoni na kisukari.

Tanzania, Zanzibar ikiwemo, ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014. Mtoto hupewa akitimiza miezi 9, na tena miezi 18. Sindano ya pili isiachwe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Mja mzito hapewi chanjo hii, na mwanamke aliyechanjwa hushauriwa kungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Mtu aliyezaliwa na athari za rubela, hata awe mtu mzima, hana budi kupimwa sukari mara kwa mara, hasa akiona kiu isiyokatika au mkojo mwingi.