Dakika Mbili za Kumtia Mtu Shaka

Mtu anafungua mlango, anakatiza chumba, anaketi kwenye kiti mkabala na mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa zoezi la kwanza la wanafunzi wa Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari kwa mtaala wa bodi ya mitihani ya OCR, kabla hawajaigusa kazi kubwa. Anayeliona jepesi hajawahi kulihariri. Kitasa kikishikwa kwa mkono wa kulia nje ya mlango, halafu ndani kikaachiwa na mkono wa kushoto, mtazamaji atahisi kuna jambo haliko sawa hata kama hawezi kulitaja. Kamera ikivuka mstari unaowaunganisha wale wawili walioketi, ghafla wote wanaonekana wakitazama upande mmoja, kama abiria wa basi.

Kazi kubwa yenyewe ilikuwa hii: kutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, pamoja na majina ya waliohusika, usiozidi dakika mbili, katika kundi la watu wasiozidi wanne. Mtaala ule umekwisha kubadilishwa, ila zoezi halijafa. Bodi ya mitihani ya Cambridge inalo katika silabasi yake ya kimataifa, namba 9607. Uzuri wake, na ugumu wake, ni kwamba filamu yenyewe haipo wala haitakuwepo. Kinachosahihishwa ni mlango wa nyumba ambayo haitajengwa.

Walio wengi huchagua filamu ya fumbo na taharuki. Sababu haijifichi: haidai mazimwi, magari ya kugongana wala mavazi ya kifalme. Inadai koti lenye kofia na kichaka kilicho karibu na shule. Mwandishi wa makala haya, ambaye amewashikia maiki wanafunzi wa aina hiyo na kukaa nao mbele ya kompyuta ya kuhariria, amemtazama yule msichana anayekimbia msituni huku akigeuka nyuma mara nyingi mno, hadi akaanza kuamini kwamba misitu ya Uingereza haina kazi nyingine.

Kundi litakalozungumziwa hapa nalo lilianzia msituni. Skripti yao ya kwanza ilikuwa na mauaji, mahojiano ya polisi, kumbukumbu ya utotoni na mkimbizano, vyote ndani ya dakika mbili. Walichokuwa wameandika ni tangazo la filamu. Tangazo huchota kitamu cha kila sehemu ili mtu akanunue tiketi. Mwanzo wa filamu hauuzi chochote, kwa sababu mtazamaji ameshalipa na ameshaketi. Unamtia swali moja kichwani, halafu unamnyima jibu.

Swali la aina gani? Hapo ndipo makundi mengi huchanganya mambo mawili. Muongozaji Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwenzake François Truffaut yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila mtu kujua, watazamaji wanashtuka kwa sekunde 15. Wakiwa wameliona likitegwa, huku waliokaa mezani wakizungumza habari za kawaida, wanapata dakika 15 za taharuki. Orson Welles alikuwa ameshalifanya jambo hilo kwa ufundi mkubwa mwaka 1958 katika Touch of Evil: mkono unatega saa ya bomu, bomu linatumbukizwa kwenye buti la gari, kisha kamera inalifuata gari mitaani, katika mji wa mpakani, kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja. Taharuki ya namna hii huzaliwa mtazamaji anapojua zaidi ya wahusika.

Fumbo huenda kinyume. Mhusika anajua jambo, au angalau chumba kinalijua, na mtazamaji ndiye aliyeachwa nyuma. Waliomsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale wanaijua raha hiyo ya kutembea nyuma ya mpelelezi huku macho yakitafuta chini. Kwa dakika mbili haifai kuzibeba njia zote mbili kwa uzito sawa. Kundi letu lilichagua fumbo, na msitu ukafia hapo.

Filamu waliyoitazama tena na tena ni Brick, ya mwaka 2005, ya Rian Johnson. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ni hadithi ya upelelezi inayotokea shuleni, tena Johnson aliipiga katika mji wa San Clemente, California, kwenye shule aliyosoma yeye mwenyewe, kwa fedha zisizofika nusu milioni ya dola, na akaihariri kwenye kompyuta ya nyumbani. Tazama inavyoanza. Kijana amechuchumaa kwenye mdomo wa handaki la maji ya mvua. Anatazama kitu. Tunaonyeshwa mkono wa msichana ndani ya maji, na bangili. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele, na hakuna aliyefichwa uso. Halafu hadithi inarudi nyuma siku mbili. Tunajua nani amekufa kabla ya kujua alikuwa nani kwa yule kijana, na uso wa kijana unatuonyesha kwamba marehemu hakuwa mtu baki.

Kuficha uso ndiyo hila inayotumiwa kupita kiasi. Wanafunzi hudhani fumbo ni kivuli: kofia, glavu nyeusi, viatu vinavyotembea bila mwenyewe kuonekana. Lakini mtu asiyeonekana uso, ambaye pia hatujui anafanya nini wala yuko wapi, hatuna sababu ya kumfikiria. Ni heri kuonyesha mambo manne kwa uwazi kabisa na kuficha la tano.

Wazo lililobaki likawa dogo mno kiasi kwamba mmoja wao aliona aibu kulisimulia mbele ya darasa. Mwanamke anarudi nyumbani, anaokota barua zilizodondoshwa mlangoni, anakuta bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe. Ndani mna ufunguo. Anaujaribu kwenye mlango wake, unafungua. Ni hayo tu. Swali ni moja, nani ametuma, na kila shoti inalisogeza mbele.

Kazi ilihamia mezani, na hapo Se7en ya David Fincher, ya mwaka 1995, ikawa mwalimu. Majina yake ya mwanzo, yaliyobuniwa na Kyle Cooper, yanachukua dakika mbili hivi na yanaonyesha karibu mikono tu: mikono ya muuaji ikitengeneza madaftari yake, wembe ukikwangua ngozi ya ncha za vidole, sindano ikishona kurasa. Herufi zilikwanguliwa kwa mkono, zikachezewa wakati wa kuhamishiwa kwenye filamu, ndiyo maana zinatetemeka. Mtu huyo hatatokea uso kwa uso hadi filamu ikiwa imesonga mbali, lakini tumeshaijua tabia yake kutokana na jinsi anavyoshika mkasi.

Kwa hiyo bahasha ilipigwa picha kwa ukaribu ambao wanafunzi hawakuuzoea. Simu iliwekwa juu ya rundo la vitabu, lenzi ikielekezwa chini, taa ya kusomea ikiwa pembeni kabisa, usawa wa meza. Taa ikikaa juu ya karatasi, mwandiko unaonekana na karatasi haionekani. Ikilala ubavuni, kila mkunjo unatupa kivuli, na pale kalamu ilipokandamiza panaonekana kama mfereji. Kidole kiliwekwa kwenye kioo cha simu na kushikiliwa hadi fokasi na mwanga vikafungwa, la sivyo simu ingehangaika kila mkono ulipopita, picha ikififia na kurudi.

Kuna jambo la umeme ambalo halisemwi sana. Uingereza, kama Tanzania na Kenya, umeme wake ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 ndani ya sekunde hiyo. Jicho halioni, kamera inaona. Simu iliyoachwa kwenye mpangilio wa fremu 30 kwa sekunde mara nyingi huleta mistari myeusi inayopanda ukutani. Dawa yake ni fremu 25 na shata ya moja kwa 50 ya sekunde. Programu nyingi za kamera za simu huruhusu kubadilisha hilo, na ni afadhali lifanyike kabla ya kupiga kuliko kulilia wakati wa kuhariri.

Nje nako kuna hesabu zake. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, jambo linalomkera kila mtu isipokuwa mpiga picha wa filamu za fumbo. Dakika chache baada ya jua kuzama anga hubaki na rangi ya samawati iliyokolea na taa za madirishani tayari zinawaka. Shoti ya mwanamke akikaribia mlango ilipigwa katika upenyo huo. Usiku wenyewe haufai: kamera ndogo hugeuza giza kuwa chenga za kijivu.

Afadhali pia hawakuhitaji silaha. Nchini Uingereza kubeba hadharani bunduki ya bandia bila sababu ya maana ni kosa la jinai, na polisi wanaoitwa na jirani mwenye hofu hawajui kwamba aliyeishika anafanya kazi ya darasani.

Kwenye majina ya mwanzo ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibika. Huachwa hadi usiku wa mwisho, kisha hubandikwa katikati ya picha, juu ya pua ya mwigizaji. Welles aliyaonja machungu hayo kwa namna nyingine: studio iliweka majina na muziki wa Henry Mancini juu ya ile shoti yake ndefu, naye akaandika waraka wa kurasa 58 kuhusu uhariri wa filamu nzima. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka huo, akayaondoa majina juu ya shoti ile, na zikasikika redio za magari na muziki wa vilabu vya mtaani. Ukizitazama namna zote mbili mfululizo utaona gari lilelile likiwa na uzito tofauti.

Mwanafunzi hana ruhusa ya kuyaondoa, kwa kuwa ni sehemu ya kazi. Anachoweza ni kuyatengea nafasi tangu kwenye storibodi: theluthi moja ya picha iachwe tupu, ukuta au meza, jina likae hapo. Mpangilio una desturi yake: kampuni ya usambazaji na ya utayarishaji hutangulia, kisha waigizaji wakuu na jina la filamu, wafuate mafundi kama mhariri na mpiga picha, muongozaji awe wa mwisho. Mtahini huutazama mpangilio huo. Jina likae kwenye skrini kwa muda wa kusomwa mara mbili bila haraka. Kundi letu liliandika majina kwa mwandiko uleule wa kwenye bahasha, uamuzi bora kuliko fonti yoyote ya damu inayochuruzika inayopatikana bure intaneti.

Sauti ilichukua muda mrefu kuliko picha, na ilistahili. Kanuni za OCR zilidai kila kitu kiwe cha wanafunzi wenyewe, isipokuwa muziki na sauti zisizo na hakimiliki, na muziki wa bure wa kutisha unafanana wote: ngurumo, kinanda, ngurumo. Wakaamua kuuondoa karibu wote. Bahasha halisi, ilipofunguliwa, haikutoa sauti ya maana, kwa hiyo karatasi ya kuokea ilipasuliwa ndani ya kabati lililojaa makoti, mahali pasipo mwangwi, na sauti hiyo ikalazwa chini ya picha. Ufunguo ulirekodiwa peke yake. Ukimya wa chumba nao ulirekodiwa kwa nusu dakika, watu wakiwa wamezuia pumzi, maana ukimya wa kompyuta ni shimo, na sikio hutumbukia humo kila shoti inapokatwa.

Baada ya uhariri wa kwanza kazi ilionyeshwa kwa watu wasiojua hadithi. Hawakuulizwa kama wameipenda. Rafiki yako atakujibu ameipenda. Waliulizwa swali moja: unataka kujua nini sasa hivi? Kundi lilitarajia wote waulize nani ametuma ufunguo. Baadhi waliuliza hivyo. Wengine walitaka kujua yule mwanamke ameiba nini, na nyumba ile ni ya nani.

Ilibidi picha irudishwe nyuma taratibu ili kuona wizi umetoka wapi. Ulitoka mikononi. Katika shoti zote za mezani mwigizaji alikuwa amevaa glavu nyembamba nyeusi, na mtazamaji wa filamu za aina hii akiona glavu nyeusi anaona mwizi. Bahasha, meza na ufunguo vikapigwa upya, vidole vikiwa wazi. Glavu hazikuwa kwenye skripti hata kidogo. Mwigizaji alizivaa kwa sababu hita ya chumba ilikuwa imezimwa ili isivume kwenye maiki.