Pole Haileti Maksi

Muhula uliopita maksi zangu za jaribio la kwanza hazikuonekana kwenye mfumo. Nililalamika wiki tatu: kwenye vimbweta, kwenye foleni ya chakula, usiku hosteli. Kila mtu alinipa pole. Mwalimu wa somo peke yake ndiye sikumwambia. Nilipomfuata, matokeo yalikuwa yameshapitishwa. Nikapata sapu.

Somo nililojifunza ni hili: kulalamika na kudai si kitu kimoja. Anayedai anamwendea mhusika, anataja tatizo na anachotaka kifanyike. Anayelalamika anamwambia kila mtu isipokuwa mhusika. Na ile pole ndiyo mtego: ukishaipata, unajisikia kama umeshafanya kitu.

Sasa tabia hii inaachwaje? Mwaka 2006 mchungaji Will Bowen wa Kansas City, Marekani, aliwagawia waumini wake bangili za mpira. Ukilalamika, unaihamishia mkono wa pili na kuanza kuhesabu upya, mpaka ufikishe siku 21 mfululizo. Mimi natumia rababendi tu. Siku ya kwanza ilihama mara 11 kabla ya saa sita mchana!

Kila inapohama najiuliza: hili nani anaweza kulitatua? Kama yupo, naenda leo. Kama ni jua la mchana, nanyamaza. Siku 21 sijazifikisha, nina nne tu. Lakini muhula huu maksi za somo moja zilikosekana tena, nikamfuata mwalimu siku hiyohiyo. Zimeingia.

Jaribu nawe, ndugu msomaji.